Ndugu wa tumbo moja, kisima kimoja, paka walewale: kwa nini jicho la mmoja tu ndilo liharibiwe na vimelea?

#1 Mwenye_Miwani
Assalaam aleikum wanajamvi. Naleta hoja, na mwenye kuipinga aipinge kwa ushahidi.

Chukulieni nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Watoto watano, baba mmoja mama mmoja, maji ya kisima kimoja, paka walewale wanaolala ngazini. Wapimeni damu, wote watano mtawakuta na kingamwili za toksoplasma, kile kimelea kinachoenezwa na paka. Lakini mmoja tu ndiye mwenye kovu katikati ya retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na kovu hilo hulipuka upya kila baada ya mwaka au miwili.

Mimi nasema hivi: kimelea huingia kwa bahati, lakini jicho huharibika kwa urithi. Anayejua jeni azitaje kwa majina. Na tusibaki kwa toksoplasma peke yake, kuna amiba wa lensi za kuvaa jichoni na kuna usubi, yaani upofu wa mtoni. Je, kote huko damu ya ukoo ina usemi?

#2 Hadubini_Kibokoni
Waaleikum salaam. Zipo jeni, na majina yake ni haya.

Mwaka 2008 watafiti walichunguza familia za watoto waliozaliwa na toksoplasma, huko Ulaya na Marekani. Jeni mbili zikajitokeza: ABCA4 na COL2A1. Ya kwanza hutengeneza protini inayosafirisha mabaki ya vitamini A ndani ya seli za retina. Ya pili hutengeneza kolajeni, ule utando wa nguvu uliomo ndani ya jicho. Tazameni ajabu yake: zote mbili si jeni za kinga, ni jeni za jicho lenyewe. Maana yake huenda mtu ana kinga nzuri kabisa ila jengo la jicho lake halihimili vita inayopiganwa ndani yake. Na kwa COL2A1 ilionekana kwamba kuna tofauti kulingana na nakala uliyoirithi, kama imetoka kwa mama au kwa baba.

Upande wa kinga zimetajwa P2RX7 na NLRP1, ambazo huamua seli iliyovamiwa itajibu vipi. HLA-DQ3 nayo ilihusishwa na watoto kujaa maji kichwani, lakini hilo ni jambo la ubongo, si la jicho. Watu hulichanganya kila siku.

#3 Takwimu_Tudor
Hadubini umeeleza vizuri, lakini msomaji asiondoke hapa akidhani ABCA4 imeshahukumiwa.

Ukipima jeni 20 kwa kizingiti cha 0.05, yaani nafasi tano katika mia ya kudanganywa na bahati, moja yatarajiwa ijitokeze kwa bahati tupu hata kama hakuna chochote. Tafiti nyingi za namna hii zina wagonjwa makumi au mamia machache, na zikirudiwa katika nchi nyingine mara nyingi matokeo hayatokei tena. Kabla ya kuliamini jina la jeni, uliza mambo matatu. Wagonjwa walikuwa wangapi? Matokeo yamerudiwa na watu wengine mahali pengine? Na kundi la kulinganisha lilikuwa nani? Hili la tatu ndilo huwaangusha wengi. Watu wasio na kovu ambao pia hawajawahi kuambukizwa hawafai kulinganishwa, kwa sababu hawajafanya mtihani wenyewe. Linganisha aliyeambukizwa akapata kovu na aliyeambukizwa asipate.

Mfano wa #1 angalau umeliona hilo: wote watano wana kingamwili.

#4 Mkunga_Likoni
Mbona mwakimbilia jeni kabla hamjauliza mama alikuwa na mimba ya miezi mingapi?

Toksoplasma humvukia mtoto tumboni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba. Akiambukizwa miezi mitatu ya mwanzo, uwezekano wa kimelea kumfikia mtoto ni mdogo, lakini kikimfika madhara ni makubwa: ubongo, macho, hata mimba kutoka. Akiambukizwa miezi mitatu ya mwisho, watoto wengi hufikiwa, zaidi ya nusu, lakini wengi huzaliwa wakionekana wazima na kovu la jicho hujitokeza baadaye, hata ukubwani.

Sasa hao watano: kama mama aliambukizwa akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, huyo wa tatu ndiye atakayekuwa na kovu. Waliomtangulia na waliomfuata waliambukizwa wenyewe kwa kula udongo na kuchezea michanga. Wote watakuwa na kingamwili, kovu litakuwa la mmoja. Hapo jeni imefanya nini?

#5 Hadubini_Kibokoni
Mkunga, hoja yako nzito. Lakini mapacha je? Wametungwa siku moja, mama ameambukizwa siku moja. Mapacha wa yai moja hufanana sana katika madhara, wakati wa mayai mawili huweza kutofautiana kabisa, mmoja mzima na mwenzake haoni. Kama ni wakati wa mimba tu, wote wangelingana.

#6 Mkunga_Likoni
Wa yai moja wengi hutumia kondo moja, wa mayai mawili kila mmoja ana lake. Kimelea lazima kipite kwenye kondo kwanza. Kondo moja likipenywa, wote wawili wamepata. Makondo mawili, moja laweza kushika na jingine likapitisha. Kwa hiyo mapacha hawakutenganishii jeni na kondo. Leteni mapacha wa yai moja wenye makondo mawili, hapo ndipo tutazungumza.

#7 Takwimu_Tudor
Mkunga hapo umempata. Nimeirudia #6 mara mbili.

#8 Tabibu_wa_Mifugo
Nyote mwamtazama binadamu, hakuna aliyemtazama kimelea. Toksoplasma si mmoja. Ulaya aina iliyoenea ni ile iitwayo aina ya II, ambayo ni ya upole kiasi. Amerika ya Kusini kuna aina nyingine zilizochanganyika, kali zaidi. Watoto waliozaliwa na toksoplasma Brazili walilinganishwa na wa Ulaya, na wale wa Brazili walikuwa na hatari ya kovu la retina mara tano, na makovu yenyewe makubwa zaidi. Halafu kuna mji wa Erechim, kusini mwa Brazili, ambako uchunguzi uliochapishwa 1992 ulikuta asilimia 17.7 ya waliopimwa wana makovu ya aina hiyo. Wengi wao waliambukizwa baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo vitabu vilisema kovu la toksoplasma karibu daima ni la tumboni.

Halafu kiasi. Paka hutoa mayai kwa wiki moja hadi tatu tu, kwa kawaida mara moja maishani, anapoanza kuwinda akiwa mdogo. Lakini katika wiki hizo hutoa mamilioni. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo, yahitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo yakomae. Ndiyo maana mavi ya paka yakizolewa kila siku hatari hupungua sana, na yakiachwa hadi Ijumaa ndiyo balaa. Kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kama vile nyua zetu za Mji wa Kale, huweza kuishi zaidi ya mwaka.

Mtoto aliyemeza yai moja na aliyemeza elfu hawakupata ugonjwa ule ule, hata wakiwa mapacha.

Nyama nayo msiisahau. Mishkaki ya vipande vikubwa juu ya makaa makali huungua nje na ndani ikabaki nyekundu. Ndani ifike 67°C au zaidi, kwa macho ya kawaida wekundu uishe kabisa. Kuigandisha chini ya −12°C kwa siku tatu huua vifuko vingi vya kimelea vilivyomo nyamani. Limau na siki haviui.

#9 Mwenye_Miwani
Tabibu shukran. Lakini kuna tukio lanipa nguvu mimi. Mwaka 1995 mji wa Victoria, Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na toksoplasma. Watu 100 walithibitishwa kuambukizwa, 19 kati yao waliugua jicho. Maji mamoja, aina moja ya kimelea, na wengi wao watu wazima, si watoto wa tumboni. Kwa nini 19 na si wote?

#10 Takwimu_Tudor
Kwa sababu mwenye jicho jekundu asiyeona huenda hospitali, na mwenye tezi zilizovimba kidogo hukaa nyumbani. Huko walioambukizwa bila kutambuliwa walikuwa wengi kuliko hao 100. Hiyo 19 yakuambia nani alijitokeza. Haikuambii nani alirithi nini. Sisemi jeni haimo, nasema tukio hilo halilithibitishi.

#11 Shangazi_wa_Kisauni
Na vikope je? Huku Kenya nasikia Turkana, Samburu na Narok kuna familia nzima kope zimeingia ndani, bibi, mama, mjukuu. Hicho si kimelea cha kurithi?

#12 Hadubini_Kibokoni
Shangazi, trakoma ni bakteria, Chlamydia trachomatis, haiingii kwenye uzi wa vimelea. Huenea nyumbani kwa mikono, leso na nzi, kwa hiyo kuiona kwa bibi na mjukuu kwatarajiwa hata bila urithi. Lakini umetoa mfano mzuri wa mtego wenyewe: kinachofuata ukoo si lazima kiwe kwenye damu ya ukoo. Chaweza kuwa kwenye kitambaa cha kufutia uso.

#13 Usubi_Ulanga
Wakuu habari za huko. Natokea Morogoro, nimeona mmetaja usubi mkaupita.

Kwenye usubi jambo la urithi lina ushahidi kidogo, ila limekaa kinyume na mnavyofikiri. Nzi mweusi huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, anakuuma, anakuachia mabuu ya Onchocerca volvulus. Minyoo mikubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, jike hutoa maelfu ya vijinyoo kila siku. Vijinyoo hivyo hutambaa kwenye ngozi na kuingia jichoni. Vikiwa hai jichoni, mtu anaweza asihisi kitu. Konea, kioo cha mbele ya jicho, huharibika vinapokufa, kwa sababu mwili unavishambulia.

Na mwaka 2002 ilionyeshwa kwa panya kwamba kinachochokoza zaidi si mnyoo mwenyewe, ni bakteria Wolbachia anayeishi ndani ya mnyoo. Minyoo ikiondolewa bakteria hao, uvimbe wa konea hupungua sana. Ndiyo sababu ya kutumia doksisaiklini, 100 hadi 200 mg kwa siku kwa wiki 4 hadi 6: humuua bakteria, na jike la mnyoo hubaki tasa. Haifai kwa wajawazito na watoto wadogo.

Sasa urithi: mwenye kinga inayojibu kwa ukali ana vijinyoo vichache lakini ngozi yake inateseka vibaya. Mwenye kinga inayovumilia anabeba vijinyoo vingi kwa miaka bila kelele, na huyo ndiye jicho lake lina hatari kwa sababu ya wingi. Kwa hiyo ukiuliza "nani ana jeni mbaya", lazima useme mbaya kwa ngozi au mbaya kwa jicho.

#14 Nahodha_Mvita
Karibu sana ndugu wa Ulanga. Huku kwetu mkuu ni wa shule, sisi sote ni yakhe.

Hiyo ya ngozi kali si ndiyo Waarabu waiita sowda? Nimesoma ni ugonjwa wa Yemen. Basi sisi wenye asili ya Hadhramaut hapa Mombasa tunayo hiyo jeni.

#15 Usubi_Ulanga
Hahaha sawa yakhe. Sowda ndiyo hiyo. Mara nyingi mguu mmoja, ngozi inakuwa nyeusi na nene, inawasha usiku na mchana, tezi za kinena zinavimba, na ukichukua vipande vya ngozi unaweza usikute kijinyoo hata kimoja.

Lakini usubi wa Yemen uko kwenye mabonde ya magharibi, yale yanayoteremka kuelekea Bahari ya Shamu. Hadhramaut iko mashariki, mbali kabisa. Na badiliko la jeni lililohusishwa na sowda, kwenye jeni ya kinga iitwayo IL-13 mahali namba 110, lilichunguzwa kwa wagonjwa wa Afrika Magharibi. Badiliko hilo hilo linahusishwa na pumu na mzio. Halina kabila. Liko kwa watu wengi duniani ambao hawajawahi kumwona nzi mweusi.

#16 Tabibu_wa_Mifugo
Naongeza pale pale nilipoanzia #8. Usubi nao una aina mbili Afrika Magharibi, wa savana na wa msituni. Wa savana hupofusha zaidi, na minyoo yake imeonekana kubeba Wolbachia wengi zaidi kuliko wa msituni. Kwa hiyo hata huko jeni za mnyoo zasema kabla ya jeni za mtu.

Na Kenya tulikuwa nao, Nyanza. Nzi wake, Simulium neavei, mabuu yake hujishika kwenye kaa wa mtoni, jambo lililowasumbua watafiti miaka mingi kwa sababu walikuwa wakiyatafuta kwenye mawe na majani. Mtafiti McMahon na wenzake waliwamaliza nzi hao kwa DDT mitoni miaka ya 1940 na 1950. Jeni za watu wa Nyanza hazikubadilika hata moja, na upofu wa mtoni ukaisha.

#17 Shangazi_wa_Kisauni
Kama Pwani hakuna usubi, mbona mwaka 2018 watu wa Jomvu na Lamu walimezeshwa ivermectin?

#18 Usubi_Ulanga
Hiyo ilikuwa ya matende na mshipa, Shangazi. Dawa tatu pamoja: ivermectin, DEC na albendazole. Na hapo pana jambo la jicho ambalo watu wengi hawalijui. DEC haitolewi kamwe mahali penye usubi. Inaua vijinyoo vyote kwa mpigo, mwili unalipuka ndani ya saa chache, na vikiwa jichoni neva ya kuona na retina vinaweza kuharibika moja kwa moja. Jomvu na Lamu iliwezekana kwa sababu usubi haupo. Huku kwetu Ulanga ni ivermectin peke yake.

Na kipimo chake tunatumia kijiti cha urefu, si mizani. Vidonge vya 3 mg: sentimita 90 hadi 119 kidonge 1, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 kwenda juu vinne. Chini ya 90 hapewi. Mjamzito hapewi, wala mama katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua. Haiui minyoo mikubwa, ndiyo maana inarudiwa angalau kila mwaka. Kosa linalotokea sana ni mtu kuruka miaka miwili kwa kuwa hajiwashi tena.

#19 Tabibu_wa_Mifugo
Hapo kwenye ivermectin ndipo urithi umethibitika kweli kweli, ila kwa mbwa. Mbwa aina ya collie wengi wamepungukiwa herufi nne za DNA kwenye jeni ya MDR1, kwa hiyo pampu inayoitoa ivermectin kwenye ubongo haifanyi kazi. Kipimo ambacho mbwa wa kawaida hakisikii, collie humpeleka kwenye kifafa na kufa. Mwenye mbwa wa kizungu Nyali asimpe dawa ya ng'ombe kwa kukisia.

#20 Nahodha_Mvita
Tumeanza na jicho la mtoto wa Mji wa Kale sasa tuko kwa mbwa wa Nyali. Rudini nyumbani nduzangu.

#21 Lensi_na_Konea
Narudisha. Mwenye_Miwani ulitaja amiba wa lensi na hakuna aliyemgusa, ilhali ndiye anayekuja kwetu wakati wa msimu wa harusi.

Acanthamoeba yuko kila mahali: tangi la juu ya dari, kisima, mtungi wa mkokoteni, hata vumbi. Akikauka hujifunga ndani ya sisti, yaani ganda lenye kuta mbili, na klorini ya bomba haimfanyi kitu. Bibi harusi huazimwa lensi za rangi zilizokaa kwenye maji, au huzisuuza bombani kwa sababu dawa imekwisha. Lensi huparuza konea kidogo, amiba hujishika kwenye sukari za juu ya seli zilizoparuzwa, kisha hutoa vimeng'enya na kuchimba.

Urithi? Watu wengi tukipimwa damu tuna kingamwili dhidi yake, kwa sababu sote twamgusa. Waliougua wameonekana kuwa na kingamwili za IgA chache dhidi yake kwenye machozi. Jeni za TLR4 na CXCL8 zimehusishwa na ukali wa uvimbe, yaani nani atapoteza konea, zaidi kuliko nani ataambukizwa. Lakini niseme wazi: nchi zinazopima, takriban tisa kati ya kumi ya wagonjwa ni wavaaji lensi. Jeni yoyote ile haiwezi kushindana na hilo. Lensi zisiguswe na maji, yawe ya bomba, ya kisima au ya chupa. Dawa ya kikashani imwagwe yote kila siku, isiongezewe juu ya ya jana. Kikasha kikaushwe kikiwa kimepinduliwa, kibadilishwe kila miezi mitatu. Dawa ya peroksaidi 3% ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sisti, ila lazima ikae saa 6 na kifaa chake cha kuizimua. Ukiivaa kabla, utaunguza jicho. Na lensi haiazimwi, hata kwa dada yako.

Dalili: maumivu makali kuliko unachokiona jichoni, mwanga hauvumiliki. Duara jeupe kwenye konea huja baadaye, na ukilisubiri umechelewa.

Kosa linaloua macho mengi ni lile tone la mchanganyiko linalouzwa bila cheti, antibayotiki na deksamethasoni ndani ya chupa moja. Jicho hutulia siku tatu, mgonjwa hushukuru, na chini yake amiba anachimba bila kizuizi.

#22 Hadubini_Kibokoni
Nakuongezea upande wa maabara, kwa wanaotuma sampuli vibaya. Konea ikwanguliwe kabla ya matone mengine kuanza. Sampuli isiwekwe kwenye pamba kavu. Amiba huyu haoti kwenye sahani za kawaida za bakteria. Huandaliwa agari 1.5% isiyo na chakula, juu yake hupakwa E. coli waliouawa au walio hai, sampuli huwekwa katikati, sahani hufungwa pembeni isikauke, nyuzi 30. Twaitazama kila siku kwa lensi ndogo ya hadubini: amiba akila bakteria huacha njia kama za konokono. Huweza kuonekana kwa siku moja hadi tatu, lakini usitangaze hasi kabla ya wiki moja, na wengine husubiri mbili. Leteni na kikasha cha lensi, mara nyingi kikasha husema pale konea inaponyamaza.

#23 Lensi_na_Konea
Shukran. Na matibabu kwa wanaouliza kwenye faragha: matone ya kuua amiba, PHMB 0.02% au klorheksidini 0.02%, kila saa usiku na mchana siku mbili za mwanzo, kisha kila saa mchana, halafu hupunguzwa kwa wiki na miezi. Ulaya mwaka 2024 iliidhinisha PHMB 0.08% ya kutumika peke yake. Usiache kwa sababu maumivu yamepungua. Sisti hungoja.

#24 Daktari_wa_Retina
Nimesoma uzi wote na nina swali kwa #1. Hao ndugu wanne "wazima", nani aliwapanua mboni?

Kovu la pembeni ya retina halina dalili. Mtu husoma gazeti, hupita mtihani wa leseni ya kuendesha gari, na kovu liko pale. Tone la kupanua mboni, tropikamaidi 1%, subiri dakika 20 hadi 30, kisha tazama mpaka ukingoni kwa taa ya kichwani na lensi ya 20D. Bila hivyo, "mmoja tu" ni mmoja aliyelalamika. Huenda hoja nzima hapa imejengwa juu ya macho ambayo hayajatazamwa.

La pili ni kinyume chake. Mkikuta ndugu watatu wote wana makovu katikati ya retina, msishangilie jeni ya toksoplasma bado. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao distrofi ya makula (makula ndiyo katikati ya retina) ya North Carolina, ulioelezwa mwaka 1971, ambao kovu lake hufanana sana na toksoplasma ya kuzaliwa. Hurithiwa kwa nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Watu wametibiwa toksoplasma kwa sababu yake. Namna ya kutofautisha: kingamwili ya IgG ya toksoplasma ikiwa hasi, si toksoplasma. Ikiwa chanya haikusaidii, maana nusu ya mtaa ni chanya. Hapo mtazame mzazi. Na la kurithi halilipuki, wakati la toksoplasma hulipuka pembeni ya kovu la zamani: doa jeupe lisilo na mpaka, nyuma ya ukungu, kama karabai iliyofunikwa shuka.

Huyo wa #1 kovu lake hulipuka, kwa hiyo naelekea toksoplasma. Ila wapanueni wote.

#25 Mwenye_Miwani
Daktari umenikamata. Mfano wangu haukusema mboni zilipanuliwa. Na kwa huyo anayelipuka, atibiwe vipi? Hapo urithi hauna neno?

#26 Daktari_wa_Retina
Una neno, na hapa Pwani ni kubwa.

Dawa za kawaida ni pirimethamini, 75 hadi 100 mg siku ya kwanza kisha 25 hadi 50 kwa siku, pamoja na sulfadiazini 1 g mara nne, na asidi foliniki. Foliniki, si foliki. Duka la dawa likikupa foliki kwa kuwa majina yanafanana, umemlisha kimelea kile ambacho dawa inamnyima. Damu ihesabiwe kila wiki, kwa sababu pirimethamini hushusha chembe. Prednisoloni huingia siku moja hadi tatu baada ya hizo, haitangulii kamwe. Pirimethamini ikikosekana, ko-trimoksazoli 160/800 mara mbili kwa siku, wiki sita hivi. Kuzuia kurudi kwa mlipuko, kidonge hicho hicho kimoja kila siku ya tatu kilionyesha faida Brazili.

Sasa urithi: dawa za sulfa kama hizo, na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; akipungukiwa, sulfa huweza kuzivunja. Jeni iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaume ndio huonekana zaidi, na ukanda wetu wa malaria unayo kwa wingi. Mkojo ukawa rangi ya chai nzito, macho yakawa manjano, simamisha dawa siku hiyo hiyo. Pima G6PD kabla ya kuanza. Ukipima katikati ya mlipuko wa damu, chembe changa zina kimeng'enya kingi na jibu litatoka zuri kwa uongo. Rudia baada ya miezi mitatu. Akiwa na upungufu, kuna klindamaisini na azithromaisini.

Hiyo ndiyo jeni ambayo leo, bila kusubiri utafiti mwingine, hubadilisha cheti ninachoandika.

#27 Hadubini_Kibokoni
Lakini Daktari, hiyo ni jeni ya dawa. Hoja ilikuwa jeni ya jicho. Bado naamini ABCA4 ina neno, maana jicho lililo dhaifu kabla ya vita haliwezi kutoka sawa na lililo imara.

#28 Takwimu_Tudor
Amini, ila tupime. Familia hamsini, si tano. Kila mtu IgG, kila mtu mboni zipanuliwe, na anayetazama retina asiambiwe jibu la damu.

#29 Mkunga_Likoni
Na kadi ya kliniki ya mama ya kila mimba. IgM, kingamwili ya mwanzo wa maambukizo, peke yake isiwadanganye, huweza kubaki zaidi ya mwaka. Kipimo cha nguvu ya mshiko wa IgG kikiwa juu mwanzoni mwa mimba, basi maambukizo ni ya kabla. Bila tarehe mtakuwa mwahesabu jeni na miezi pamoja.

#30 Mwenye_Miwani
Nimekubali masharti yote isipokuwa moja: sijaiondoa hoja yangu. Damu ya DNA tutaikusanya kwa karatasi ya kuchuja, matone matano kila mtu, kibali cha kamati ya maadili kikitoka. Yatakauka kwa saa nne kisha tufunge.

#31 Hadubini_Kibokoni
Saa nne ni za Nairobi. Kwa unyevu wa Mombasa Aprili, acha usiku kucha mbali na jua na feni isiyopuliza vumbi, kisha mfuko wa zipu na vipakiti vya silika na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikigeuka waridi, badilisha vipakiti. Na karatasi zisigusane kabla hazijakauka, la sivyo utamrithisha mtoto wa nne jeni za wa tano.

#32 Tabibu_wa_Mifugo
Na paka wa ngazini wapimwe. Naja na vizimba.